Taa ya Katekista

Sikumbuki kumwona Katekista amekaa. Alikula akiwa amesimama, kitumbua mkono mmoja, simu mkono mwingine. Kanisani, padri akihubiri, yeye alikuwa nyuma kabisa kwenye nguzo, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule kama mtu anayesubiri basi. Alipokuja kwenye kibanda changu nilimsukumia kiti cha plastiki, kwa sababu ni mkubwa wangu, naye kila mara alisema, "Aksanti, Peti," akaweka mfuko wake juu ya kiti, akaendelea kuzunguka.

Kibanda changu kiko Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, nyuma ya soko, mahali ambapo garaji zinafuatana bila ukuta kati yao. Kazi yangu ni kuunga vyuma. Naunga milango, naunga vitanda, na zaidi ya yote naunga mabomba ya moshi ya magari. Nilimaliza shule ya msingi, sikuendelea, na mimi si msemaji. Nikivaa kinyago cha kuungia najisikia vizuri kuliko nikiwa uso wazi. Labda ndiyo sababu Katekista alipenda kusimama kwangu: aliweza kuongea kwa niaba ya watu wawili.

Ule mfuko ulikuwa wa kitambaa cheusi chenye msalaba mweupe ulioshonwa mbele. Parokia ilimpa abebee vitabu vya mafundisho. Ndani yake mlikuwa na katekisimu, chupa ya maji, kitambaa kikuukuu cha kufutia mikono, na skana. Skana ni kimashine kama simu nene, kina waya unaochomekwa chini ya usukani, na kinasoma makosa ambayo gari limeyaandika kichwani mwake, yale yanayowasha taa mbele ya dereva. Jumamosi alifundisha wachumba. Jumapili aliongoza watoto wa komunyo. Siku nyingine alipita garaji kwa garaji, akiitwa huku na kule: "Katekista! Kuya, hii gari inataka kuungama!"

Mzaha huo hakuukasirikia. Aliurudisha.

"Katekista, futa tu ile taa," dereva mmoja wa teksi alimwambia siku moja, mguu wake tayari uko ndani ya gari. "Niko na haraka, bantu bananingoja."

"Miye ni katekista," alijibu. "Kufuta ni kazi ya padri. Miye niko natafuta tu."

"Basi kesho tutaleta padri na waya yake!" akapaza sauti Shefu, mwenye garaji jirani na kibanda changu, mtu wa tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi ya tumbo.

Garaji nzima ilicheka. Lakini Katekista hakuwa anatania. Skana ina kitufe cha kufuta, na kila fundi wa Kenya anakijua kitufe hicho: unakibonyeza, taa inazima, mteja anaondoka anafurahi, na baada ya siku chache taa inarudi. Katekista hakukibonyeza kamwe, hata pale alipokwisha kuona kosa na kulitengeneza. Alisema gari linajipima lenyewe likiwa njiani. Likijipima na kujikuta halina kosa, mara ya kwanza, mara ya pili, tena na tena, linazima taa lenyewe. "Endesha," aliwaambia. "Itazima njiani." Wengine walimwita mchawi kwa hilo, wengine mvivu.

Namba ya kosa iliyomletea kazi nyingi ni P0420. Naijua kuliko namba ya simu ya mama yangu. Chini ya gari, katikati ya bomba la moshi, kuna kisanduku cha chuma tunachokiita katalizeri. Ndani yake kuna jiwe jepesi lenye matundu madogo mengi, kama sega la nyuki. Moshi ukipita humo unatoka umepunguzwa sumu. Mbele ya kisanduku kuna sondi, kijiti kinachoonja moshi unaoingia. Nyuma kuna sondi nyingine, inaonja unaotoka. Zote mbili zikionja kitu kilekile, gari linaona kisanduku hakifanyi kazi, linaandika namba hiyo, na taa ya moteri inawaka kwenye tablo, mbele ya usukani, rangi ya chungwa.

Katika mji mwingine labda watu wangeuliza kwa nini. Sisi hapa tumelelewa juu ya madini. Mtu wa Lubumbashi akisikia kuna jiwe ndani ya chuma, na jiwe hilo lina mnunuzi, hasikii tena maneno yanayofuata. Wanunuzi wanapita na baiskeli na mizani yao. Wanalipima jiwe mkononi, wanalikwaruza kwa ukucha, wanaligeuza kwenye jua, vilevile kama wanavyofanya na mawe ya kijani ya mgodini. Basi namba ikisomwa tu, mwenye gari anakata shauri: jiwe limekufa, litolewe, liuzwe, liwekwe bomba tupu. Na anayekata ni mimi.

Mwenye teksi mmoja alikuja nikamkatia asubuhi, kesho yake akarudi amekunja uso. Katekista alikuwepo, anazunguka kiti.

"Nimetoa ile jiwe, na taa ingali!"

"Umemutoa mulinzi ku mulango," Katekista alimwambia, "halafu unashangaa kengele inalia?"

"Sasa na moshi inaingia ndani. Bamama banakohoa."

"Wakohoe. Ni bo banasema kweli mu hiyo gari."

Yule mtu alitaka nimrudishie jiwe lake. Jiwe lilikuwa limekwisha kwenda na baiskeli. Katekista alinitazama, mimi nikashusha kinyago usoni ingawa hakukuwa na kitu cha kuunga. Hakunilaumu. Alisema tu, akitembea, "Peti, mbele ya kukata, lala chini uangalie. Kulala chini hakuumizi mutu."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza namna yake, kidogo kidogo, bila yeye kusema ananifundisha.

Alitaka gari lipoe kwanza. Kiangazi, vumbi letu jekundu linapanda hadi tumboni mwa magari na kushika kila kitu. Katekista alilala chali juu ya katoni, suruali yake ya kanisani na yote, akaangalia vumbi. Mahali ambapo bomba limepasuka, hata ufa usioonekana kwa jicho, moshi unatoka kidogo kidogo na kuacha weusi juu ya wekundu. "Ona," alisema. "Hapa anapumua pembeni." Hewa ya nje ikiingia kwenye ufa kama huo karibu na sondi, sondi inadanganyika, na kisanduku kinalaumiwa bure. Baadaye aliwasha moteri, akaziba mdomo wa bomba kwa kile kitambaa cha mfukoni, akaniambia nisikilize. Kama kuna ufa utausikia ukifanya sss, sss. Kama hakuna, moteri yenyewe inataka kuzimika mkononi mwako.

Baada ya hapo ndipo alichomeka skana na kutazama sondi mbili zikichora mistari. "Ya mbele lazima itetemeke," alisema. "Ni kazi yake. Inapanda, inashuka. Ya nyuma lazima itulie, kama mutu mwenye alisha ungama." Kama ya nyuma nayo ilitetemeka, alirudi chini tena kutafuta. Aliuliza petroli inanunuliwa wapi, ya kituoni au ya bidoni, yale madumu ya kando ya barabara. Aliuliza kama moteri inakunywa mafuta. Aliuliza gari lilikuwa la nani kabla. Madereva, hao tunaowaita shofa, walichoka. Kisanduku alikihukumu mwisho kabisa, na mara nyingi hakufika huko.

Alitaka pia kujua joto, kwa sababu kisanduku kinachofanya kazi kinatoa moshi wa moto zaidi kuliko ule unaoingia. Siku moja akaleta kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, walichokuwa nacho mlangoni pa kanisa wakati wa ugonjwa ule. Akakielekeza kwenye bomba. Kipimajoto kikalia, kikaandika kwamba kimeshindwa.

"Gari iko na homa!" Shefu alipiga makofi. "Katekista, mupe kinini!"

"Weye ndiye uko na homa, tangu wakati tumbo yako ilianza kukutangulia," Katekista alijibu, akakipima kwenye paji la Shefu. Kipimajoto kikasema Shefu ni mzima. Katekista akasema kweli kimeharibika.

Namkumbuka hivyo: anacheka, anatembea, anafunga waya wa skana na kuufungua tena. Hakuweza kuacha kitu ambacho hajakijua. Nilimwona akirudi jioni kwenye gari aliloliacha asubuhi akiwa amekwisha kulipwa, kwa sababu kulikuwa na sauti aliyoisikia akiwa anakula na haikumwacha ameze. Alipiga hodi kwa watu wasiomngojea. Nyumbani kwake, mtaa wa Hewa Bora, majirani walisema usiku anasikika uani, anatembea.

Kwa watu alikuwa hivyohivyo. Kulikuwa na baba mmoja wa parokia aliyekataa kuhudhuria ndoa ya mwanawe kwa sababu msichana ni wa Kasai, si wa mkoa wetu. Siku ya ndoa yenyewe, mvua ikinyesha, Katekista alitoka kanisani na viatu vyake vilivyong'arishwa, akaenda kwa miguu hadi kwa yule baba, akasimama mlangoni pake. Hakuingia. Alisema atasimama pale hadi mzee avae viatu. Mzee alivaa. Waliingia kanisani wawili wameloa, na bibi arusi alilia kuliko ilivyo desturi. Kisa hiki hakunisimulia yeye. Mwana wa yule mzee ndiye aliyenisimulia, akiwa anangojea nimuungie kitanda cha mtoto.

Kwa hiyo lile la binti yake nililijua kwa muda mrefu kabla ya kulielewa.

Binti yake mmoja yuko Pweto, kule ziwani. Aliolewa na mwuza samaki wa huko, na ndoa ikafungwa katika kanisa la uamsho la mume, lenye gitaa na vipaza sauti. Katekista hakwenda. Alisema hawezi kufundisha wachumba wa watu kila Jumamosi halafu akae kwenye ndoa kama hiyo. Mtoto wa kwanza alipozaliwa, wa kiume, binti alimpa jina la baba yake. Kwetu mtoto anayebeba jina lako unamwita majina, naye anakuita majina, na hapo si mkubwa na mdogo tena, ni watu wawili wa jina moja. Lazima uende umwone. Umbebe, umpe kitu kwa mkono wako. Usipokwenda, watu wanauliza kama umekataa jina lako mwenyewe.

Hakwenda. Kila mara shofa wa lori la samaki aliposhuka kutoka Pweto alileta kifurushi cha samaki wakavu kutoka kwa binti, pamoja na neno lilelile kwa baba yake: Papa akuje amuone majina yake. Na kila mara Katekista alijibu, "Mwambie gari iko na taa."

Ilikuwa kweli. Gari lake la kijivu, la usukani wa kulia kama mengi yanayopitia Zambia, lilikuwa na taa ya moteri, na namba ilikuwa ileile, P0420. Sijui iliwaka lini. Najua nilianza kuisikia kwenye maneno yake baada ya ile ndoa.

"Katekista," Shefu alimchokoza, "taa za bantu zinazima, yako haizimike. Ni ile ya tabernakulo, yenye kuwaka usiku na muchana?"

"Niko natafuta."

"Kuya tuipandishe hapa leo. Miye na Peti, saa moja tu."

"Ya kwangu nitaangalia miye mwenyewe."

Mimi nilikuwa nawaza jambo moja na sikulisema. Gari hilo lilikwenda Likasi na taa yake, kwenye mazishi. Lilikwenda Kipushi na taa yake, kuchukua mahindi. Lilipeleka watoto wa komunyo kwenye mafungo, wamejazana, wanaimba. Taa haikulizuia kwenda popote isipokuwa Pweto.

Mwishoni mwa kiangazi, wakati upepo unaleta harufu ya majani yaliyochomwa na watu wanatazama juu kama kuna wingu, shofa wa samaki alikuja tena. Katekista alikuwa kwangu, anapanga na kupanga upya bisibisi zangu kwenye ubao.

"Katekista, leo sikuleta samaki peke yake," shofa alisema. Aliweka kifurushi kwenye kiti, juu ya mfuko, akatoa simu. "Nilirikodi. Sikiliza."

Sauti ya mtoto ilitoka kwenye simu, kubwa, karibu sana na maikrofoni.

"Majina! Ni miye majina yako. Mama anasema gari yako iko mugonjwa. Itapona siku gani?"

Halafu kicheko cha mwanamke kwa nyuma, ambacho kilikatika katikati.

Shefu alipunguza sauti ya redio yake. Nadhani ndiyo mara pekee niliyomwona akifanya hivyo.

"Mwambie," Katekista alianza. "Mwambie gari..."

"Papa, miye ni muleta samaki tu," shofa alisema, kwa upole. "Lakini mvua ikianza, ile njia inakatika, unajua. Na bwana wa mutoto yako anataka bavuke ng'ambo, Zambia, bafanye biashara kule. Kiangazi kingine sijue kama nitabakuta."

Katekista alichomoa mfuko wake chini ya kifurushi, akaondoka haraka. Samaki walibaki kwenye kiti. Jioni niliwapeleka kwake Hewa Bora, nikawaacha kwa mke wake. Niliambiwa yuko uani.

Sikulala vizuri. Si kawaida yangu kufikiria mambo ya wakubwa. Lakini sauti ya mtoto ina namna ya kubaki sikioni, na hii iliuliza swali la fundi: itapona siku gani?

Asubuhi gari la kijivu lilikuwa mbele ya kibanda changu kabla sijafungua. Katekista alikuwa analizunguka.

"Kuna chuma imekatika chini, ile inashikaka bomba. Inagonga. Unga tu hiyo."

"Ndiyo, Papa."

Nililipandisha kwa jeki, nikaweka magogo, nikalaza katoni, nikaingia. Kweli kishikizo cha bomba kilikuwa kimekatika. Ilikuwa kazi ya dakika chache tu. Lakini kwa mazoea aliyonipa yeye mwenyewe, nilitazama vumbi kwanza.

Pale kisanduku kinapoishia, kwenye kiungo, mbele kidogo ya sondi ya nyuma, kulikuwa na weusi. Haukuwa wa kutafuta. Ulikuwa mpana kama kiganja, wa tabaka, masizi juu ya vumbi juu ya masizi, wa kiangazi hiki na cha nyuma yake. Mtoto angeuona. Na katikati ya weusi ule kulikuwa na mstari, upana wa kidole, mtu alipopangusa kuona chuma cha chini. Mstari wenyewe ulikuwa umeanza kufunikwa na vumbi. Haukuwa wa jana.

Nilibaki nimelala. Kutoka pale niliona viatu vyake tu, vile vyeusi vya kanisani, vikienda hadi gurudumu la mbele, vikirudi hadi la nyuma. Nilifikiri niunge kishikizo, nitoke, niseme tayari. Angenilipa, angeondoka, na angebaki na jibu lake la kumpa shofa wa samaki. Sijui hata leo kama alileta kishikizo kwangu, au alinileta mimi chini ya gari lake.

"Katekista."

"Eh."

"Hapa iko na weusi."

Viatu vilikwenda mbele, vikarudi.

"Weusi ya namna gani?"

"Ya zamani," nilisema.

Viatu vilisimama. Nilivitazama kwa muda, nikingoja viondoke, havikuondoka.

"Unaweza kuiziba?" aliuliza mwisho.

"Naweza."

"Leo?"

"Sasa hivi. Kuran iko," nilisema, maana umeme ulikuwa haujakatika tangu asubuhi.

Viatu vilisogea kando. Nilitoka kuchukua kinyago, sikumtazama usoni. Nilisafisha kiungo kwa brashi ya chuma hadi ufa ukaonekana, mwembamba kama unywele, nusu ya mzunguko wa bomba. Nilichomoa sondi ya nyuma nisije nikaiunguza. Nikaanza kuunga. Nilikuwa nimefika nusu, umeme ukakatika.

"Unaona," Katekista alisema haraka, karibu kwa furaha. "Kuran imeenda. Basi. Funga ile chuma na waya, nitarudia siku ingine."

"Siku ingine ya nani?" Shefu alikuwa amesimama mlangoni pa garaji yake, mikono juu ya tumbo. Sijui alikuwa pale tangu lini. "Miye niko na grupu."

"Grupu inakula petroli, Shefu. Acha."

"Ikule. Nimekuomba kitu?"

Alilivuta lile jenereta lake hadi kwangu, linaruka juu ya mawe, akavuta kamba. Halikuwaka. Akavuta tena, akalitukana kwa Kiluba, akamwomba Katekista msamaha kwa tusi hilo, akavuta tena. Katekista alikuwa amekwisha kuuzunguka mgongo wa kibanda na kurudi. Aliinama karibu na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue akiongea kwa sauti ndogo.

"Peti, nikifika kule nitamwambia nini? Si yule mutoto mudogo. Mama yake."

Mimi ni mtu wa kuulizwa chuma kinashika au hakishiki. Nilitafuta neno, nikapata lile lake la mlangoni pa yule mzee, siku ya mvua.

"Weye simama tu ku mulango," nilisema. "Hadi avae viatu."

Alinitazama kama mtu aliyekuta kitu chake nyumbani kwa mwingine. Halafu jenereta liliwaka, kwa kishindo, na hatukuweza kusikilizana tena.

Nilipomaliza kuunga na kurudisha sondi, aliwasha moteri mwenyewe. Alitoa kitambaa mfukoni, akaenda nyuma, akachuchumaa, akaziba nacho mdomo wa bomba. Nililala chini kusikiliza. Hakukuwa na sss. Moteri ilianza kuguna, ikataka kuzimika. Aliachia.

"Imeziba," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenyimwa kitu.

"Sasa toa skana," Shefu alisema. "Futa ile taa uende muzuri. Leo hata padri atakupa ruhusa."

Katekista aliingiza mkono kwenye mfuko. Nilimwona akiishika skana humo ndani, umbo lake lilionekana kwenye kitambaa. Kitufe kimoja tu, na gari lake lingetoka Kenya safi kama jipya. Au angeweza kusema anangojea taa izime yenyewe, atalizungusha mjini wiki moja, mbili, aone. Nilijua amefikiria yote mawili kwa sababu alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

Alitoa mkono mtupu. Akaufunga mfuko, akautundika kwenye msumari wa kibanda changu, ule ninaotundikia kinyago.

"Unichungie. Nikiibeba nitasimama kila kilima kuiangalia."

"Unaenda sasa hivi?" Shefu alishangaa. "Hata nguo?"

"Nguo iko ndani ya gari."

Tulitazama. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na begi, gunia la unga, na koti lake la kanisani limetandazwa lisikunjike. Vilikuwa pale tangu asubuhi, wakati aliponiambia niunge kile chuma tu.

Aliingia. Alivuta mkanda, ukakwama, akauvuta tena. Moteri ilikuwa inanguruma sawasawa. Niliinama dirishani kwa sababu nilifikiri inafaa mtu aseme kitu. Kwenye tablo ile taa ya chungwa ilikuwa inawaka vilevile.

"Ingali," nilisema.

"Naiona. Itazima njiani."

"Na isipozima?"

Katekista alishika usukani. Aliingiza gia.

"Basi nitafika nayo," alisema, akaachia breki.